Kuchapa mipaka: kwa nini parokia za Uingereza zilitembeza watoto na fito kila mwaka

Tarehe 30 Aprili 1668, Sikukuu ya Kupaa, Samuel Pepys alikwenda kula na wanaparokia wenzake kwenye baa ya Dolphin jijini London. Pepys alikuwa ofisa wa jeshi la majini, na shajara yake ni hazina kwa yeyote anayetaka kujua watu wa mji ule waliishi vipi. Mezani walikuwapo wafanyabiashara wazito wa mtaa pamoja na kasisi wao. Maongezi yakageukia maana ya siku yenyewe, na Pepys akaandika walichosimuliana: kwamba zamani, na kwingine hata wakati ule, msafara wa parokia ukisimama mahali, mvulana mmoja alichapwa fimbo, kisha watu wakaendelea na safari.

Miaka miwili baadaye, huko Chelsea, ambayo enzi hizo ilikuwa kijiji kando ya mto Thames nje ya London, wazee wa kanisa waliandika hesabu zao za mwaka 1670. Chakula cha siku ya kuzunguka mipaka: pauni 3 na shilingi 10. Wavulana waliochapwa: shilingi 4. Kamba za kufungia nguo, za kuwapa wavulana: shilingi 2. Mtunza hesabu ameandika malipo ya watoto waliochapwa kama mtu anavyoandika bei ya mishumaa.

Waingereza wenyewe waliita jambo hili kuchapa mipaka. Kila mwaka, au kila baada ya miaka kadhaa, siku chache kabla ya Sikukuu ya Kupaa au siku yenyewe, kasisi, wazee wa kanisa, wenye mashamba na kundi la watoto walitoka kanisani wakiwa na fito mikononi, wakauzunguka mpaka wote wa parokia kwa miguu. Kila penye alama, iwe jiwe, mti au kona ya kijito, walisimama, wakasali, wakaichapa alama kwa fito. Na mara nyingi wakamchapa na mtoto.

Ukiisoma desturi hii kwa haraka utaona ibada moja yenye vituko. Ukikaa nayo utaona mambo yaliyofungwa fundo moja: maombi ya mazao, upimaji wa ardhi, na vita vya fedha kati ya majirani. Wanaoisimulia leo hupenda maombi na vituko. Fedha huachwa nje, na kwa maoni yangu fedha ndiyo iliyoifanya desturi hii idumu karne nyingi, na ndiyo iliyoiua ilipohama.

Ilianzia kwenye maombi

Mzizi wake wa kikanisa uko Ufaransa. Karibu mwaka 470, Mamertus, askofu wa mji wa Vienne, aliona mji wake umeandamwa na matetemeko na moto. Akaamuru siku tatu za kufunga na kuandamana kwa maombi, Jumatatu hadi Jumatano kabla ya Sikukuu ya Kupaa. Mtaguso, yaani mkutano wa maaskofu, wa Orléans wa mwaka 511 ukaieneza desturi hiyo katika nchi ya Wafaranki, na mwaka 747 mtaguso wa Clovesho ukaagiza siku hizo ziadhimishwe Uingereza. Huko zinaangukia majira ya kuchipua, mbegu ikiwa ardhini na mkulima hajui kama itazaa. Ni wakati mwafaka wa kuomba.

Watu wengine huirudisha nyuma zaidi. Warumi walikuwa na mungu wa mipaka aliyeitwa Terminus, na kila tarehe 23 Februari majirani wawili walikutana kwenye jiwe lao la mpaka, wakalivika mashada na kutoa sadaka. Kufanana kupo, na kunavutia. Lakini mimi siamini kwamba mtu mwenye shamba anahitaji kufundishwa na mungu wa Kirumi namna ya kulinda mpaka wake. Penye majirani wawili na ardhi nzuri, sherehe ya mpaka itajizaa yenyewe.

Maombi yakawaje upimaji? Hapakuhitajika uamuzi wa mtu yeyote. Ukitaka kubariki mashamba yote ya parokia bila kuacha hata moja, njia ya uhakika ni kuzunguka ukingo wake. Na ukitaka kuzunguka ukingo, sharti ujue ukingo uko wapi. Wenye kujua walikuwa wazee, kwa hiyo wazee walitangulia. Msafara ulisimama chini ya miti fulani ili kasisi asome Injili, na miti hiyo ikawa alama. Kaskazini mwa London kuna eneo liitwalo Gospel Oak, yaani Mwaloni wa Injili, kwa sababu mti wa namna hiyo ulisimama hapo, kwenye mpaka wa parokia za Hampstead na St Pancras. Mti ulishapotea. Jina limebaki kwenye kituo cha treni.

Kabla ya Matengenezo ya Kanisa, yaani Waingereza walipoacha Ukatoliki katika karne ya 16, maandamano haya yalikuwa na misalaba, kengele na bendera, na katika baadhi ya makanisa hata sanamu ya joka iliyowakilisha shetani. Siku za mwanzo joka alitembea mbele kwa majivuno, na siku ya mwisho alirudishwa nyuma, ameshindwa. Kisha mwaka 1547 serikali ya mfalme Edward VI ikapiga marufuku maandamano ya kidini. Waprotestanti waliyaona ni ushirikina wa Kikatoliki, na yote yalipaswa kufutika.

Haya hayakufutika. Mwaka 1559 malkia Elizabeth I alitoa maagizo mapya ya kanisa yaliyoendelea kukataza maandamano, isipokuwa hili moja. Mara moja kwa mwaka, kasisi pamoja na wanaume wenye mali wa parokia waizunguke mipaka kama walivyozoea. Bendera hapana, joka hapana. Zaburi ya kumshukuru Mungu kwa mazao isomwe, na njiani kasisi awakumbushe watu laana iliyoandikwa katika Kumbukumbu la Torati 27:17: “Na alaaniwe aondoaye mpaka wa jirani yake. Na watu wote waseme, Amina.”

Tazama hayo maneno “wanaume wenye mali”. Yanaeleza mengi. Serikali iliyokuwa ikivunja sanamu na kufuta sikukuu za watakatifu iliona kwamba msafara huu una kazi isiyofanywa na kitu kingine chochote, na ikawakabidhi wenye kulipa kodi.

Parokia ilikuwa serikali

Kwa Mkristo wa leo wa Afrika Mashariki, parokia ni mambo ya ibada: misa, ubatizo, jumuiya, michango ya ujenzi. Kwa Mwingereza wa mwaka 1650 ilikuwa hayo yote, na juu yake ilikuwa serikali ya mtaa. Aliyeamka asubuhi upande wa pili wa kijito aliamka chini ya mzigo mwingine kabisa wa kodi na wajibu.

Kwanza palikuwa na zaka. Sehemu ya kumi ya nafaka, wanakondoo, sufu na maziwa ilikwenda kwa mwenye haki ya zaka katika parokia lilimo shamba, mara nyingi kasisi. Ekari kumi za ngano zikihamishiwa parokia ya jirani kwa sababu ya jiwe lililosogezwa, kasisi anapoteza chakula chake. Kwa hiyo alikuwa na sababu nzuri ya kutembea kwenye matope, hata kama hakupenda matembezi.

Kisha barabara. Sheria ya mwaka 1555 ilizitaka parokia zitengeneze barabara kuu zinazopita ndani yake, kila kaya ikitoa siku nne za kazi kwa mwaka. Siku hizo zikaongezwa kuwa sita mwaka 1563. Daraja bovu lililokaa mpakani lilikuwa la nani? Kila upande ulikuwa na wazee walioapa kwamba mpaka unapita ng'ambo ya pili.

Lakini jambo zito kuliko yote lilikuwa maskini. Sheria ya mwaka 1601 iliagiza kila parokia itoze kodi ya kuwatunza maskini wake: wajane, yatima, wagonjwa, wazee wasio na mtu. Neno “wake” ndilo lililoleta balaa. Mwaka 1662 ikatungwa sheria ya makazi: mgeni aliyehamia parokiani na kupanga nyumba yenye thamani ya chini ya pauni 10 kwa mwaka aliweza kulalamikiwa ndani ya siku 40, akaamriwa arudishwe parokia alikotoka, ili kama atafilisika afilisikie huko. Watu walisafirishwa kutoka parokia hadi parokia kwa amri ya mahakimu, na kesi za nani ni wa nani zikawalisha mawakili kwa vizazi.

Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa alihesabiwa wa parokia alimozaliwa. Fikiria maana yake kwa mwanamke mwenye uchungu, amekaa chini kwenye kibanda kilicho hatua chache kutoka mpakani. Akijifungua hapo, parokia imepata mdomo wa kulisha kwa miaka kumi na zaidi. Wasimamizi wa maskini walikuwa na kila sababu ya kifedha ya kumwinua na kumsukuma avuke, na wapo waliofanya hivyo. Hapo ndipo jiwe dogo la mpaka lenye herufi mbili za jina la parokia linaacha kuwa pambo la njiani.

Hata wafu walikuwa na mpaka. Meli nyingi zilizama pwani za Uingereza, na sheria ya mwaka 1808 iliwabebesha wasimamizi wa parokia za pwani kazi ya kuzika maiti zilizotupwa ufukweni ndani ya eneo lao.

George Herbert, mshairi aliyekuwa kasisi wa Bemerton karibu na Salisbury kuanzia 1630 hadi alipofariki 1633, aliipenda sana desturi hii na akaitaja faida zake nne. Mungu anabariki mazao ya shambani. Haki inalindwa kwa kutunza mipaka. Majirani wanatembea pamoja kwa upendo, na wenye ugomvi wanapatana njiani. Na maskini wanapata sadaka, kwa kuwa siku hiyo matajiri hugawa. Herbert alitaka kila mtu aje, na asiyekuja alimkemea kwamba hana ujirani. Ni picha nzuri, nami sina sababu ya kudhani alikuwa anadanganya. Ila ujirani huo uliishia pale pale fito zilipochapa. Matembezi yale yale yaliyowafanya watu wa ndani wajisikie wamoja yaliwafundisha pia, hatua kwa hatua, ni nani asiyekuwa mwenzao.

Kwa nini mtoto?

Parokia nyingi hazikuwa na ramani. Hati za kale zilikuwapo: hati za ardhi za Waanglo-Saxoni, kabla ya mwaka 1066, zina vifungu vinavyoutaja mpaka alama kwa alama, mara nyingi kwa Kiingereza cha kale ndani ya hati iliyoandikwa kwa Kilatini, kwa kuwa wakulima ndio waliotakiwa kuielewa sehemu hiyo. Lakini mti hukauka, kijito huhama, jiwe hubebwa na mtu anayejengea zizi. Hati inasema mpaka unapita kwenye mbaruti mkubwa, na mbaruti wenyewe hakuna mtu aliye hai aliyeuona.

Mahakamani, ushahidi uliokuwa na nguvu ulikuwa wa mzee aliyesema: nilipokuwa mtoto nilitembea na baba yangu, na tulipita hapa, si pale. Sasa, ukitaka ushahidi huo uwepo baada ya miaka 60, utaupanda kwa nani? Mzee wa miaka 70 hafai. Mtu wa makamo anafaa kidogo. Mvulana wa miaka minane aliyetembea mwaka 1700 angeweza bado kusimama mbele ya hakimu mwaka 1765. Mtoto alikuwa masjala ya ardhi yenye miguu, na parokia iliiandika upya kila msimu.

Namna ya kuandika ilitofautiana. Kuna waliochapwa fito kwenye alama. Kuna walioinuliwa miguu juu, kichwa chini, wakagongwa taratibu kwenye jiwe, au makalio yao yakagongeshwa juu yake. Mpaka ulipopita kwenye kijito, mtoto alitupwa ndani. Ulipopita kwenye kichaka cha majani yanayowasha, alisukumwa humo. Baada ya hapo akapewa sarafu, mkate mtamu, au njugu za kugombania na wenzake.

Maelezo ya kawaida yanasema maumivu yaliwekwa makusudi ili mtoto asisahau. Hesabu za Chelsea zinaniambia kwamba hiyo ni nusu ya habari. Shilingi 4 ni malipo, na zile kamba za kufungia nguo ni zawadi. Wazee walijua kwamba kinachoshika kichwani ni mchanganyiko: kofi na peremende, aibu na kicheko cha wenzako, siku isiyofanana na siku nyingine. Na ninashuku kwamba watu wazima nao walikuwa wanafurahi tu. Mtu aliyetupwa kijitoni akiwa na miaka tisa, akifikisha arobaini na yeye ndiye anayeshika kola ya mtoto wa mwenzake, hahitaji nadharia ya kumbukumbu ili aone raha ya siku hiyo. Bia ilikuwapo ya kutosha pia. Hesabu za wazee wa kanisa kutoka parokia nyingi zimejaa mikate, jibini na bia za siku za kuzunguka, na si ajabu kwamba walioandika hesabu hizo ndio waliokula.

Wapita ukutani

Mpaka haujali mtu amejenga nini juu yake. Hiki ndicho chanzo cha vituko vinavyosimuliwa zaidi. Nyumba ikijengwa juu ya mstari, msafara ulipita ndani ya nyumba. Dirisha likiwa kwenye mstari, mtoto aliingizwa dirishani. Kuna masimulizi ya mvulana kuingizwa kwenye tanuri ya mkate kwa kuwa mstari ulipita humo, na ya watu waliovuka bwawa wakiwa wamevaa nguo zao za kanisani.

Usidhani wenye nyumba walikubali tu. Suala lilifika mahakamani zaidi ya mara moja. Katika kesi ya mwaka 1595 mahakama ilikubali kwamba wanaparokia wana haki ya kimila ya kupita kwenye ardhi ya mtu wakati wa kuzunguka mipaka, na kuondoa vizuizi vilivyowekwa njiani. Mtu aliyefunga geti lake asingeweza kulia kwamba limevunjwa. Mwaka 1837 kesi nyingine ikaweka kikomo: mila haiwezi kuwapa watu haki ya kuingia kwenye nyumba isiyokuwa mpakani wala isiyohitajika ili kuufuata mpaka. Inaelekea wapo waliokuwa wakipenda kupita kwenye nyumba fulani kwa sababu zao nyingine, na mtu akilijua tumbo la mwanadamu anaweza kukisia ni sababu gani.

Na pale misafara miwili ya parokia jirani ilipokutana kwenye mstari mmoja, siku moja, kila upande ukiwa na fito na bia kichwani, matokeo yalikuwa yale yale unayoyafikiria. Kanisa la All Hallows, lililo karibu na Mnara wa London, ngome ya kale ya wafalme, lilikuwa na mgogoro wa muda mrefu na wakazi wa Mnara kuhusu mpaka wao. Leo msafara wa Mnara hufanyika kila baada ya miaka mitatu, na mwaka huo pande mbili hukutana na kuigiza ugomvi wa mababu zao, kwa sauti kubwa na bila kuumizana. All Hallows wenyewe wana shida ya pekee: mpaka wao wa kusini uko katikati ya mto Thames. Hupanda boti, wakafika mahali penyewe, wakayachapa maji.

Ramani zilipofika

Desturi haikufa siku moja, na haikuuawa na watu kuacha kuamini. Vitu vilivyoishikilia viliondolewa kimoja kimoja, na vyote viliondolewa ndani ya karne moja hivi.

Mwaka 1834 sheria mpya ya maskini iliziunganisha parokia katika miungano mikubwa yenye nyumba za kazi, ambamo maskini walitunzwa kwa kufanyishwa kazi. Mwaka 1865 gharama za maskini zikahamishwa kutoka parokia mojamoja kwenda kwa muungano mzima. Tangu hapo mwanamke aliyejifungua upande huu wa kijito au upande ule aligharimu mfuko ule ule. Mwaka 1836 zaka ya mazao iligeuzwa kuwa malipo ya fedha taslimu, na ili kuyakadiria, ramani zikachorwa za sehemu kubwa ya nchi, shamba kwa shamba. Malipo hayo nayo yakafutwa kwa sheria ya mwaka 1936. Mwaka 1894 parokia ya kiserikali ikatenganishwa rasmi na parokia ya kanisa, ikapewa baraza lake la kuchaguliwa. Kasisi akabaki na kanisa lake.

Katikati ya hayo yote wakaja wapimaji wa serikali, Ordnance Survey, ambao sheria ya mwaka 1841 iliwapa mamlaka ya kuingia popote na kuainisha mipaka. Hapa ndipo watu wengi huimalizia hadithi: ramani imekuja, kumbukumbu imekufa. Ukitazama jinsi wapimaji walivyofanya kazi, utaona haikuwa hivyo. Mpimaji aliyetoka mbali na vyombo vyake vya shaba hakujua mpaka wa parokia ulipo. Hakuna kifaa kinachoona mpaka. Kwa hiyo kila parokia ilitakiwa kutoa mtu anayeijua mipaka, atembee na mpimaji na kumwonyesha. Na watu hao waliijua mipaka kwa kuwa wao na baba zao walikuwa wameizunguka. Mpimaji aliandika daftarini alichoonyeshwa, pande mbili zikikubaliana, kisha ikachorwa.

Alama za mazungumzo hayo zipo hata sasa kwenye ramani kubwa za Uingereza. Pembeni ya mstari wa nukta utakuta maandishi madogo sana: “4 ft R.H.”. Maana yake ni kwamba mpaka uko futi nne kutoka kwenye shina la ua wa miti. Kwingine “C.S.”, katikati ya kijito. Futi nne hizo hazikubuniwa ofisini. Kuna mwanakijiji fulani alisimama kwenye matope karibu na ua huo, akanyoosha kidole, akasema mpaka wetu ni hapa, na mtu wa parokia ya jirani aliyesimama kando yake akaitikia.

Baada ya hapo kulikuwa na karatasi, na mtoto hakuhitajika tena. Parokia nyingi ziliacha kuzunguka katika karne ya 19. Nyingine ziliendelea kwa mazoea, kisha zikakoma baada ya waliozipenda kufariki.

Yaliyobaki

Zipo zinazoendelea, nyingi zikiwa zimefufuliwa katika karne ya 20 kwa ajili ya historia, ujirani, au kuchangisha fedha. Watoto hawachapwi. Mjini Oxford, kanisa la St Michael at the North Gate huzunguka kila Sikukuu ya Kupaa. Watu hupewa fimbo nyembamba, na kila wakifika kwenye jiwe, kasisi huandika kwa chaki msalaba, herufi za kanisa na mwaka, kisha wote huchapa jiwe wakipiga kelele “Mark! Mark! Mark!” Mji umeota juu ya mpaka, hivyo msafara hupenya kwenye vyuo na maduka, ikiwamo duka la Marks & Spencer ambamo jiwe moja liko ndani, katikati ya wateja. Mwishoni, kwenye chuo cha Lincoln, watoto hurushiwa sarafu kutoka juu. Hapo zamani sarafu hizo zilipashwa moto kwanza.

Leighton Buzzard, mji mdogo wa Bedfordshire, wana yao. Mwaka 1630 mfanyabiashara Edward Wilkes aliwajengea wazee maskini nyumba za kuishi. Mpaka leo, Jumatatu kabla ya Sikukuu ya Kupaa, watu huandamana hadi kwenye nyumba hizo, na sehemu ya wosia husomwa huku mtoto wa kwaya akisimama kichwa chini miguu juu. Msomaji wa hapa kwetu anaweza kucheka, lakini hapo juu ameshaona watoto wakichapwa na kugongwa kwenye mawe ili jambo lisisahaulike. Huyu angalau anasimama kichwa chini kwa hiari yake.

Jijini London, usipokwenda kwenye msafara wowote, inua macho tu. Kwenye kuta za majengo ya zamani kuna vibao vidogo vya chuma na mawe yaliyochongwa herufi za makanisa. Penye nanga, hapo ni mpaka wa St Clement Danes, kwa kuwa Mtakatifu Klementi alizamishwa baharini akiwa amefungwa nanga. Wapita njia wengi hawajui ni nini.

Kisheria, misafara ya Uingereza leo haina nguvu yoyote. Mahali ambapo nguvu ilibaki ni Marekani, kwa watu waliovuka bahari na sheria za nyumbani. Huko Virginia, sheria ya mwaka 1662 ilizitaka parokia za Kianglikana zipange watu wa kuzunguka mipaka ya mashamba kila baada ya miaka minne. Kaskazini, kwenye makoloni ya Wapuritani wasiotaka kusikia habari ya maandamano ya kanisa, kazi ikapewa viongozi wa mji. Zaburi zikaondoka, bia ikaondoka, miguu ikabaki. Hadi sasa sheria ya jimbo la Massachusetts inaagiza mipaka kati ya miji ikaguliwe kila baada ya miaka mitano, na mwaka wa ukaguzi uandikwe kwenye mawe ya mpaka. New Hampshire, jirani yao, wao ni kila baada ya miaka saba.